Baiskeli Isiyopumzisha Miguu: Kuuzunguka Mlima na Habu ya Gia Tatu

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani mwangu ananiuliza habari za Kianyaga kabla hata ya salamu. Mmoja amesikia kwamba niligongwa na lori la maziwa. Mwingine kaambiwa nilitumbukia mtoni na baiskeli ikachukuliwa na maji. Jirani yangu Salimu, ambaye mtaona baadaye kwa nini ana haja kubwa na habari hizi, alishatangaza kwamba nimelazwa. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nimebana pini mdomoni. Basi nimeketi niandike yote mara moja, bila kutia chumvi, isipokuwa pale ambapo chumvi ilikuwemo tangu mwanzo.

Kabla ya kuondoka: Majengo, Nyeri

Kwa wale ambao karatasi hizi zitawafikia kwa mkono wa pili, mimi ni Hamisi, mshona nguo wa Majengo hapa Nyeri. Kila mwaka, Idi ya kuchinja ikikaribia, nilikuwa napakia kanzu kwenye keria ya baiskeli na kuuzunguka Mlima Kenya mji kwa mji. Miji yote ya huku juu ina Majengo yake, na kila Majengo ina watu wanaotaka kanzu mpya na wasiotaka kuifuata Nyeri. Nililala kwa watu, nikala vya watu, nikarudi na hadithi. Safari hiyo moja ilinitosha mpaka mwaka mwingine.

Kisha mwaka juzi nikawa nateremka kwenda daraja la Chania, mke wangu Mama Rukia amekaa kwenye keria, kondoo akakatiza njia. Nilifinya breki kwa nguvu zote, chuma cha breki kikachomoka, na sote wawili tukaenda chini. Yeye alichubuka goti. Mimi nilivunjika mkono wa kushoto, na vidole havikurudi sawa. Kuongoza kitambaa chini ya sindano vinaweza; kufinya breki haviwezi. Nikabaki na mkono wa kulia, yaani breki ya mbele peke yake, na breki ya mbele peke yake kwenye miteremko yetu ni kujitupa mwenyewe kwa hiari.

Mama Rukia akaiingiza baiskeli stoo akaifunika gunia. Yeye hakupanda tena, na mimi akanikataza. Baiskeli akaiita mke mwenzake. Salimu akaanza kupita kila Ijumaa kuiposa, anainua gunia, anabonyeza matairi, anasema, "Itazeeka humu bure, ndugu yangu."

Msinielewe vibaya. Mabasi yapo, na kanzu zinaweza kusafiri kwa basi. Lakini mtu aliyezoea kufika kwa miguu yake, ukimkalisha dirishani kama kifurushi, kuna kitu kinamtoka. Nilikuwa nimeanza kukaa kizee kabla ya uzee, na nilijiona, na iliniuma.

Aliyeniokoa ni Wambugu, fundi wa baiskeli kule karibu na soko. Siku moja alikuja dukani ameshika gurudumu la nyuma, vumbi tupu, la mzungu mmoja wa Mweiga aliyeuza shamba wakati wa uhuru akaenda zake. Lilikuwa limening'inia msumarini kwake miaka yote hiyo kwa sababu hakuna mteja aliyelitaka.

"Hamisi, angaria hii habu," akasema, akigonga kile kitovu cha chuma katikati ya gurudumu. "Iko na gia tatu ndani ya tumbo. Na haina friwili."

Nikamwambia kwamba baiskeli bila friwili ni ugonjwa. Ninyi nyote mnajua friwili ni nini hata kama hamjui jina lake: ni kile kifaa kinacholia tik-tik-tik unapoacha kukanyaga, gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe na miguu ikapumzika.

"Ndio! Hii haikubari upumzike," Wambugu akasema, na macho yakamng'aa. "Gurudumu ikizunguka, pedari inazunguka. Ukizuia pedari, umezuia gurudumu. Sasa nionyeshe kama wewe unahitaji mkono ya kufinya breki."

Nilitazama vidole vyangu vya kushoto. Kisha nikauliza kuhusu milima, kwa sababu baiskeli iliyofungwa hivyo na gia moja tu ingeniua nikipanda. Akanionyesha mnyororo mdogo, mwembamba kama mkufu wa mtoto, uliochomoza katikati ya ekseli. Ukivutwa na waya kutoka kwenye usukani, gia inabadilika humo humo ndani: moja ya kupanda, moja ya tambarare, moja ya haraka. Kumbe ugonjwa ule ulikuwa na dawa yake tumboni.

Tukaifunga. Tuliijaribu uwanjani Ruring'u, na mara ya kwanza nilisahau nikataka kupumzisha miguu. Baiskeli ilininyanyua kutoka kwenye kiti kama mtu anayemfukuza paka. Mara ya pili vivyo hivyo. Ndipo nikakumbuka cherehani. Miaka yote hii nimekanyaga cherehani, na cherehani nayo haikubali upumzike: gurudumu likienda, kikanyagio kinakwenda, na ukitaka mshono usimame mahali pake unaizuia kwa nyayo, taratibu, wala huigusi kwa mkono. Nikakaa juu ya baiskeli nikajiambia nashona. Ikanitii.

Mama Rukia alitazama kutoka ukingoni mwa uwanja, amefunga mikono. Jioni, baada ya chai, akatoa hukumu.

"Nenda na kanzu zako. Zunguka mlima wote. Ukirudi hujaanguka, sitasema neno. Ukianguka hata mara moja, Salimu atamchukua mke mwenzangu siku hiyo hiyo."

Salimu, ambaye alikuwa amekuja kuazima chumvi, alisema hayo ni maneno ya busara sana.

Nyeri hadi Karatina

Niliondoka asubuhi, kanzu zimefungwa kwa kitambaa cha mpira, na kabla ya Marua nilikuwa nimeshagundua tatizo ambalo Wambugu hakunieleza. Tatizo lilikuwa watu.

Kwetu huku baiskeli husukumwa mlima, na kwenye mteremko hupandwa miguu imekunjwa juu ya fremu, mtu anakula upepo. Hayo ndiyo malipo ya kusukuma. Sasa hapa alikuwa anapita mzee mzima, mteremko mkali, na miguu inazunguka tik-tak kama anayekimbizwa. Mama mmoja aliyekuwa akichuma mboga alisimama wima.

"Baba! Hiyo ni mteremko! Wacha kukanyaga!"

"Siwezi, mama!"

"Ati huwezi? Kwani umefungwa?"

Nikapita. Nyuma yangu nikasikia akiwaita wenzake waje waone mtu ambaye miguu yake imekataa kusimama. Haya yalinifuata mlima mzima. Popote palipokuwa na mteremko palikuwa na mtu wa kunihurumia. Karatina, siku ya soko, mwanamume mwenye mkokoteni wa kabeji alinikimbilia kando akanishika kiti kwa nguvu ili nipumzike, na kwa kuwa gurudumu liligoma miguu ikagoma, tukasimama ghafla katikati ya kabeji. Sikuanguka. Naomba hilo liandikwe. Nilisimama tu mahali ambapo sikupanga.

Nilikula githeri moto, mahindi na maharagwe, kwa mama mmoja sokoni, nikasukumia na chai. Karatina nilipoteza muda mwingi kwa sababu kila mwenye baiskeli alitaka kugeuza yangu juu chini na kuzungusha pedali kwa mkono. Wote walikubaliana kwamba imeharibika. Mmoja alitaka kuniuzia friwili papo hapo. Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Karatina hadi Kianyaga

Kutoka Karatina nilizunguka kwa Kerugoya, mashamba ya kahawa huku na huku, na nikaanza kuipenda ile habu kwa dhati. Kwenye kupanda, gia ya kwanza. Miguu inakwenda mbio lakini kifua hakiumi. Nikafika juu nimekaa kitini, wenye baiskeli zao wakisukuma kando yangu na kunitazama kwa jicho baya. Kwenye kushuka narudi gia hiyo hiyo ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayokubali kuzuiwa kwa urahisi, nashona mpaka chini. Mkono wa kushoto umelala juu ya usukani hauna kazi. Niliimba. Nina sauti mbaya lakini kahawa haikulalamika.

Kianyaga nilikuwa nafikia kwa Muthike, mkulima wa kahawa niliyemshonea suti ya harusi zamani zile, na tangu hapo ni ndugu yangu. Nilifika jua likiwa bado liko juu. Mkewe, Mama Wanjira, alinipokea na kibuyu cha uji, na kabla sijaumaliza Muthike alikuwa amesimama mbele yangu na jogoo mkononi huku na kisu huku.

"Karibu, Hamisi. Chinja."

Hivyo ndivyo ilivyo kwao. Wanajua siwezi kula nyama iliyochinjwa na wao, na hawataki nile maharagwe kama mtu ambaye hana watu. Kwa hiyo mgeni anajichinjia mwenyewe. Jogoo yule alikuwa na maoni yake. Tulimzunguka nyumba, mimi na kanzu yangu nimeikunja mpaka magotini, Mama Wanjira anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini alipoiva, na irio ya viazi na njegere vilivyopondwa, na mchuzi wa dania, nilisamehe kila kitu.

Wakati nakula, Muthike alisema baiskeli yangu ina matope na atampelekea fundi wa hapo sokoni aioshe na kuitia mafuta. Hiyo nayo ni desturi yake. Mgeni haondoki kwake na viatu vichafu wala baiskeli chafu. Nilishukuru nikaendelea na paja la jogoo. Sikumweleza habari za habu. Nilikuwa nimeeleza tangu asubuhi kwa kila mtu wa njiani mpaka ulimi umechoka, na hapa nilikuwa nimefika kwa ndugu, nikaona naweza kunyamaza.

Asubuhi wakanipa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, kizito. Nikajua ni viazi vitamu vya njiani. Nikakitia mkobani.

Kianyaga: pale kila mtu anapopaulizia

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo uongo mwingi ulipozaliwa.

Kwa Muthike mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni. Anasindikizwa mpaka barabara kuu, na habebi kitu. Kwa hiyo tulitoka boma zima: Muthike anasukuma baiskeli yangu, Mama Wanjira ana mkoba wangu, majirani wawili watatu nyuma yetu, na bibi kizee mmoja ambaye sikujua ni wa nani lakini aliimba vizuri. Tulitembea polepole mpaka kilele cha mteremko unaoshuka mtoni, pale kando ya kiwanda cha kahawa. Hapo tukaagana. Tukapeana mikono, tukarudia. Muthike akanishikia baiskeli nikapanda, mkoba ukafungwa, akanisukuma kidogo mgongoni kwa upendo.

Zingatieni hilo. Tangu nifike kwake sikuwa nimekanyaga pedali hata mara moja. Mara ya kwanza kukanyaga ilikuwa juu ya ule mteremko, watu wote wananipungia.

Baiskeli ikashika kasi. Nikazuia kwa nyayo kama nizuiavyo cherehani. Miguu ikarudi nyuma bure, kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Na nikasikia ile sauti.

Tik-tik-tik-tik-tik.

Friwili! Kwenye baiskeli yangu! Nilikanyaga tena nyuma, hakuna. Mkono wa kushoto ukakimbilia breki kwa mazoea ya zamani, vidole vikakataa. Wa kulia ukafinya, gurudumu la mbele likaanza kuyumba na nyuma kunyanyuka, nikaachia. Barabara ilikuwa inapiga kona chini, na baada ya kona ni mto. Nyuma yangu wote walikuwa wanashangilia kwamba sasa miguu yangu imepumzika. Nilimsikia Muthike mwenyewe kwa sauti kubwa: "Umeona! Sasa inateremuka vizuri!"

Kando ya kiwanda kulikuwa na lundo la maganda ya kahawa, mabichi, yamechacha. Nikaligeuzia usukani nikafumba macho.

Hakuna kilichovunjika. Nilizama mpaka kwapani. Lakini nilipokuwa nimelala mle, harufu ile imenijaa puani, sikuwaza mifupa. Nilimwaza Salimu akitoa baiskeli stoo. Niliona basi, dirisha, na mimi nimekaa. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa michafu.

Wakaja mbio wakanitoa. Mzozo ukaanza papo hapo juu yangu.

"Hajaanguka," akasema jirani mmoja. "Amerara."

"Mtu anararaje juu ya maganda?"

"Kama hajafika chini, si kuanguka. Maganda si chini."

Nami nilikuwa nimeshika tairi la nyuma, nalizungusha kwa hasira. "Nani kafanya hivi? Muthike! Nani kagusa gurudumu langu?"

Muthike alikuwa amefika sasa, anahema, uso umemshuka. "Fundi aliniambia friwili yako imekufa," akasema. "Ati imeshika kutu, ndio pedari zinazunguka na gurudumu. Nikaona, huyu mtu ametoka Nyeri mpaka hapa na hiyo shida, na mkono yake vile iko. Nikamwambia aweke mpya. Nzuri kabisa. Sikutaka uambiwe, nilitaka uione kwa mteremuko." Akanifuta ganda moja begani. "Nilitaka ufurahi."

Mama Wanjira alikuwa ameweka leso mdomoni. Maneno yangu yote makali, na nilikuwa nimeyapanga, yakanitoroka. Niliwaza jinsi alivyonisukuma mgongoni kwa upendo. Nikamwambia, "Kosa lako ni moja tu. Umenipenda bila kuniuliza." Kisha nikaeleza habu mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyopaswa kueleza wakati tunamla yule jogoo.

Nikafungua mkoba niwape viazi vitamu tutulie. Katika gazeti hapakuwa na kiazi. Palikuwa na lile gurudumu dogo la meno la habu yangu, na nati yake ya kuzuia, vimepakwa grisi safi. Fundi wao, mtu mwaminifu, alikuwa amerudisha spea yangu ya zamani ili mgeni asidhani ameibiwa.

Tukarudi wote kwa fundi. Alifungua akafunga, akinung'unika kwamba watu wa Nyeri hufunga baiskeli kama jela. Ile friwili mpya nilitaka kumrudishia Muthike, akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Nimekupa ni nimekupa."

Ikaingia mkobani. Na hapo ilibaki swali: nirudi Nyeri nikaitoe baiskeli, au niendelee? Sharti la Mama Rukia nilishashindwa kulitimiza. Lakini nilikuwa na kanzu za watu, na nilikuwa bado sijaiona habu ikifanya kazi mahali panapotisha kweli. Nikasema kama ni safari ya mwisho, basi iwe safari. Nikawaaga mara ya tatu. Bibi kizee akaanza wimbo upya tangu mwanzo.

Embu, Chuka, Meru

Embu Majengo walininusa kabla ya kunisalimu. Maganda ya kahawa hayatoki kwa maji ya kwanza. Mzee mmoja wa msikiti alinipa sabuni na ndoo bila kuniuliza kitu, na nilimpenda kwa hilo. Kanzu, namshukuru Mungu, zilikuwa kavu.

Lami inaishia Embu. Wanasema itafika Chuka. Wamesema hivyo tangu uhuru. Baada ya hapo ni murram, changarawe nyekundu, na mabonde, na mabonde yale si mchezo: unashuka mpaka unaona mto chini kama uzi, unavuka daraja, unapanda upande wa pili mpaka unaona ulikotoka ng'ambo, karibu kiasi cha kusalimiana. Nilisimama ukingoni mwa bonde la kwanza roho mkononi. Nikavuta waya, gia ya kwanza. Nikasema, "Haya, cherehani."

Niliteremka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyayo zinashika, zinaachia kidogo, zinashika. Mapaja yaliwaka moto, na katikati niliwapita vijana wawili wenye baiskeli za kawaida waliokuwa wamesimama wanamwagia maji breki zao zilizokuwa zinatoa moshi. Walinitazama. Niliinua kofia kwa mkono wa kushoto, ule mbovu, kwa sababu haukuwa na kazi nyingine. Kama mnataka kujua ni wakati gani katika safari hii nilikuwa na furaha kuliko wote, ni huo.

Chuka nilikula ndizi za kupikwa na maharagwe, sahani mbili. Mwenyeji wangu alikataa kuamini kwamba mimi ni Mkenya kwa sababu Kiswahili changu hakina makosa. Alinidhania mtu wa redio. Meru nilikawia kwa mvua, nikafundishwa kutafuna miraa na wazee waliokuwa na subira nyingi na mada moja, bei ya kahawa. Nilikesha macho makavu, nikihesabu vishikizo vya kanzu.

Meru, Timau, Nanyuki

Kutoka Meru unapanda mpaka unachoka kuhesabu kona, kisha mlima unafunguka na ghafla ni ngano, ngano, ngano na upepo. Timau kuna baridi ya kuvunja meno. Nilivaa kanzu za wateja watatu, moja juu ya nyingine, na nawaomba radhi hapa. Zilipigwa pasi kabla hazijawafikia.

Nanyuki, mama mmoja wa maandazi alinitazama kwa makini huku akinipimia.

"Wewe ndio wa Kianyaga?"

"Wa Kianyaga gani?"

"Wa maganda."

Kama habari imefika Nanyuki kabla yangu, huko Nyeri imeshalala na kuamka. Makondakta wa mabasi wana midomo mirefu kuliko barabara zao. Nilimuuliza amesikia nini. Habari aliyoisikia ilikuwa na ng'ombe ndani yake. Sikuwa na nguvu ya kumtoa ng'ombe.

Endarasha

Kwa nini nilipitia Endarasha, ambako hakuna aliyeagiza kanzu? Kwa sababu huko ndiko aliko mama mkwe. Mama Rukia alizaliwa Endarasha, Wangari binti wa wakulima wa viazi, kabla ya kuolewa na kusilimu, na mtu hawezi kuuzunguka mlima akapita mlangoni kwa mama mkwe bila kubisha.

Aliniletea maziwa lala, yale ya mgando, nje, uani, akakaa mbali kidogo kama heshima inavyotaka, akanitazama kando.

"Mtoto wangu ulimwangusha mwaka juzi," akasema. "Sasa nasikia umejiangusha mwenyewe. Imebaki nani?"

Kuna maswali ambayo mkwe hajibu. Nilimweleza tu mambo ya friwili na Muthike, nikiangalia maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akarudi na mtu amebeba gunia la viazi. Hakuniuliza. Akaelekeza lifungwe kwenye keria, pale pale anapokaa binti yake.

"Peleka kwa Wangari. Kama hii baiskeri inashikiria gunia kwa mteremuko, hata mtu itashikiria."

Alitembea nami mpaka palipoanza kushuka, akasimama pale na shali yake. Niliteremka nikiwa nimekaza mgongo, nashona mshono mdogo mdogo, gunia limetulia nyuma yangu kama abiria mwenye adabu. Chini niligeuka. Alikuwa bado amesimama. Aliinua mkono mara moja, akaenda zake shambani.

Nyumbani

Salimu alikuwa amekaa barazani kwangu. Alikuja na pampu yake mwenyewe.

"Pole, ndugu yangu," akasema, na uso wake ulijitahidi kuhuzunika.

Mama Rukia alitoka, akaliona gunia kabla ya kuniona mimi. Alilifungua, akatoa viazi kadhaa, akavigeuza mkononi kimoja kimoja akitafuta michubuko. Kisha akaniambia niketi nieleze. Sikuficha hata ganda moja. Nilisema nilianguka, Kianyaga, mbele za watu, na kwamba wapo wanaosema nililala lakini mimi najua kuanguka. Nikaitoa friwili ya Muthike mkobani nikaiweka mezani, iking'aa. Nikasukuma baiskeli kidogo kuelekea kwa Salimu. Mkono ulikuwa mzito.

Mama Rukia aliichukua friwili akaizungusha kwa kidole. Tik-tik-tik.

"Hiki ndicho kilichokuwa kwenye baiskeli siku ya Kianyaga?"

"Ndicho."

"Na siku ile ya daraja la Chania, wewe na mimi, tulikuwa na kingine kama hiki?"

"Kama hicho."

"Na ile mashine ya Wambugu, tangu uifunge, imekuangusha wapi?"

Nilifikiri. Nikapita kichwani Karatina na kabeji, mabonde ya Chuka, baridi ya Timau, viazi vya mamake. "Haijaniangusha."

Aliichukua friwili akamwekea Salimu kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake taratibu.

"Mke mwenzangu uliyekuwa ukimposa ni huyu. Mchukue. Huyo mwingine simjui, ni mgeni hapa."

Salimu alitazama kiganja, akatazama pampu. Aliniambia kesho yake kwamba hakuwahi kuitaka baiskeli ile, ni nzito.

Niliosha uso, nikakunja kitambaa cha mpira, nikawa nasubiri chakula. Badala ya chakula Mama Rukia alitoka amefunga leso ya pili kiunoni. Alikaa kwenye keria, upande, kama zamani, akanishika shati.

"Twende Chania," akasema.

Sikuamini. Nilipanda polepole nisije nikamtikisa. Tulipofika juu ya mteremko ule ule, mkono wake ulikaza shati mpaka kifungo kikanikaba. Nikavuta waya, gia ya kwanza. Nyayo zikashika. Tuliteremka mwendo wa bibi harusi, na nilisikia pumzi yake mgongoni, fupi fupi, kisha ndefu. Katikati ya mteremko aliniachia shati. Niliogopa, nikauliza kuna nini. Alikuwa anafunga leso vizuri, kwa mikono yote miwili.

Darajani nilisimama bila kugusa breki. Alishuka, akatazama maji, akatazama tulikotoka.

"Isukume juu," akasema. "Turudie."